Milango ya Barabara Kuu

Kwenye Barabara Kuu ya mji wa zamani walikuwapo ndugu wawili ambao watu waliwatania kuwa ni ukoo wa kufunga. Dada mtu aliuza vifungo, zipu, nyuzi, riboni na lesi. Mdogo mtu alikuwa fundi wa vitasa na funguo. "Huyu anafunga mashati, yule anafunga milango," watani walisema. "Wewe waudhi tu, utajikuta uchi, tena nje." Dada akaitwa Bi Vifungo, kaka akaitwa Kitasa, na majina hayo yakawaganda mpaka yale waliyopewa na wazazi yakabaki ya hospitali na benki tu.

Duka la Bi Vifungo lilikuwa jembamba na refu kama ujia. Ukiingia, upande mmoja unakutana na mitungi ya kioo imepangwa mpaka darini: vifungo vya mfupa, vya shaba, vya mbao, vile vyeupe vinavyong'aa vya kome, na mtungi mmoja mkubwa wa vifungo visivyo na wenzao. Mtu akija na koti lililopoteza kifungo, Bi Vifungo huliangalia kidogo, hukunja mkono wa shati, hutumbukiza mkono kwenye mtungi ule na kuanza kuchambua huku akiuliza habari za nyumbani. Ukimwambia una haraka, anakujibu, "Basi nenda na haraka yako, koti liache."

Kitasa alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, chini ya ngazi ya jengo hilohilo. Palimtosha mwenyewe, meza yake, mashine ya kuchonga funguo na ubao wa misumari uliojaa funguo mbichi, zisizochongwa bado. Akinyoosha miguu, viatu vinatokea barabarani.

Mama yao alifariki Kitasa akiwa bado hajamaliza kuota meno. Dada yake, msichana tu, akaajiriwa kwenye duka lile. Akawa anakuja naye kazini, anamlaza nyuma ya kaunta juu ya marobota ya lesi, na mteja akiuliza kinacholia huko ni nini, anasema ni paka. Mwenye duka alipozeeka akamwachia biashara. Shule ilipomshinda Kitasa, dada ndiye aliyempeleka kwa fundi wa vitasa ajifunze, ndiye aliyemnunulia mashine, na alipotaka kuoa, dada ndiye aliyekwenda ukweni kuketi mahali pa mama. Kitasa alikuwa akisema kwamba yeye mama yake hamkumbuki sura, lakini hajawahi kukosa mama.

Barabara Kuu nayo ilikuwa na siku zake. Msimu wa harusi watu walipita ubavuubavu. Ukitaka viatu, saa, suti, redio, pete, hukuwa na haja ya kuuliza wapi. Ulikwenda Barabara Kuu, basi. Kisha yakajengwa maduka makubwa ya vioo nje ya mji, yenye maegesho na ngazi zinazopanda zenyewe, na wateja wakahamia huko polepole, kama maji yanavyopungua kwenye ndoo yenye tundu. Halafu wakaja watu wa kupima na kupiga picha. Wakasema barabara hii ni urithi, majengo yatapakwa rangi, roshani za chuma zitatengenezwa. Wafanyabiashara wakafurahi, wengine wakanunuliana soda.

Rangi ilipokauka ndipo wakaambiwa kuwa safu yote ya majengo imeuzwa. Warithi wa wenye nyumba walikuwa wakiishi mbali, wakauza kwa kampuni moja bila hata kuja kuyaangalia. Kampuni ilitaka migahawa ya kahawa, hoteli ndogo ya kifahari, maduka ya manukato. Wapangaji wa zamani mikataba yao ikiisha haitaongezwa. Hakuna aliyekuwa amekosa. Walilipa kodi yao, walifagia mbele ya milango yao, na sasa waliambiwa asanteni.

Kampuni ilimtuma wakala, kijana mpole, suruali yake imenyooka wakati wote. Hakuwa na sentensi isiyoanza na samahani, kwa hiyo siku ya pili tu barabara nzima ilishamwita Bwana Samahani.

Huyo ndiye aliyeinama chini ya ngazi asubuhi moja na kumkuta Kitasa akisugua meza ambayo haikuwa chafu. Mteja hakuwa amefika tangu juzi yake.

"Samahani, fundi. Nina kazi."

"Kazi hainaga samahani, bosi. Lete."

"Samahani, ni milango. Kila mpangaji akitoka, kitasa kinabadilishwa siku hiyohiyo. Safu yote, kuanzia kona ya benki mpaka huku."

Kitasa akaacha kusugua. "Milango ya majirani zangu?"

"Samahani, ndiyo. Lakini wakishatoka, si yao tena."

"Na mimi je? Mimi natoka lini?"

Wakala akapiga jicho pale chini ya ngazi, akatabasamu. "Hapa? Hapa hakuna anayepahitaji. Samahani, sisemi kwa ubaya. Wewe utabaki. Mtaa wa zamani unapendeza ukiwa na fundi wa zamani."

Kitasa alipofika nyumbani alimweleza mkewe, na mkewe, mwanamke asiyepindisha maneno, akasema, "Baba watoto, usipofanya wewe atafanya mwingine. Na huyo mwingine hatawaletea watoto wako chakula." Neno hilo likamwingia, akalishika. Kila aliposhika bisibisi alilirudia moyoni: atafanya mwingine. Lakini lile la kwamba yeye atabaki, alimwambia mkewe peke yake. Dada yake hakumwambia. Kila siku alisema kesho, na kesho akikutana na uso wa dada yake maneno yanarudi tumboni.

Wa kwanza kutoka alikuwa Mzee Redio, aliyetengeneza redio kwenye duka lile tangu enzi za redio zenye kabati la mbao. Wanawe walikuja na gari wakachukua vitu vyake. Mzee akawa anaitikia kila kitu, ndiyo, ndiyo, hicho chukueni. Walipoondoka, Kitasa akafungua kitasa cha zamani, kizito, cha shaba, akaweka kipya. Kazi haikumchukua muda. Alipofunga mlango na kukabidhi funguo kwa Bwana Samahani, alijiambia kwamba haikuwa mbaya kama alivyoogopa.

Asubuhi ya pili, Mzee Redio akaja kazini.

Kitasa alimwona akitokea kona ya benki, kofia kichwani, chombo cha chakula mkononi, akitembea mwendo wake wa miaka yote. Alifika mlangoni kwake, akatoa ufunguo, akauchomeka, haukuingia. Akaupuliza. Akaufuta kwenye suruali, akajaribu tena. Kisha akageuka, akaja mpaka chini ya ngazi.

"Fundi, za asubuhi. Ufunguo wangu umekwisha meno. Nichongee mwingine upesi, kuna mtu anapitia redio yake."

Kitasa akaupokea. Ulikuwa na joto la mfuko wa mzee. Akauangalia, akaugeuza. Angeweza kusema, mzee wangu, ulitoka jana, umesahau. Badala yake akachukua ufunguo mbichi ubaoni, akaufunga kwenye mashine na kuuchonga, chengachenga za shaba zikimrukia mikononi. Akampa. Mzee akashukuru, akarudi mlangoni, akajaribu. Akarudi tena.

"Huu nao haukubali. Mashine yako imechoka, mwanangu."

Akachonga mwingine. Mzee aliporudi kwa mara nyingine, muuza viatu wa safu hiyohiyo, aliyeitwa Bwana Soli, alitoka dukani kwake amefura.

"Mwambie, Kitasa! Mwambie mzee wa watu! Unamchezesha kama mtoto?"

"Aniambie nini?" akauliza Mzee Redio.

Bi Vifungo ndiye aliyetoka, akamshika mzee mkono, akamwingiza dukani kwake, akamkalisha kwenye kiti cha wateja na kumpigia mwanawe simu. Kitasa alisikia kupitia ukutani mzee akilia kwa sauti ndogo, na dada yake akimwambia, "Lia tu, mzee wangu. Hapa kwangu lia."

Dada yake hakumsema. Jioni wakifunga alimwangalia kwa muda, akasema tu, "Umekula leo?" Hilo lilimuuma kuliko matusi.

Milango ikaendelea. Muuza saa. Mshona suti. Mama wa pete. Zamani watu walikuwa wakimtania kuhusu ule ufunguo malaya wake unaofungua kila mlango: "Kitasa, mkeo anajua unatembea na malaya mfukoni?" Sasa utani ulikoma. Akipita na mkoba wake wa vyombo, watu walijishughulisha na jambo lingine. Salamu anatoa yeye, anaitikiwa kwa shingo. Bwana Soli, zamu yake ilipofika, alisimama mlangoni akamtazama akifanya kazi tangu skrubu ya kwanza mpaka ya mwisho. Kisha akamwambia, "Nimekuuzia viatu tangu ukiwa na miguu midogo hivi. Sikujua naivalisha miguu ya kuja kunitoa." Akaondoka zake. Kitasa akabaki ameshika drili, hajui aiweke wapi.

Mwisho ukabaki mlango mmoja.

Bi Vifungo hakuwa amegombana na mtu. Mkataba wake ulikwisha, siku ya kutoka ikapita, na kila asubuhi akaendelea kufungua duka, akapangusa mitungi, akaketi. Bwana Samahani alikwenda kumwona, akatoka na riboni aliyouziwa. Binti wa Bi Vifungo, aliyekuwa akiishi upande wa pili wa mji na mume na watoto, alikuja kumbembeleza.

"Mama, chumba kipo. Wajukuu wanakusubiri."

"Najua, mwanangu. Nakuja."

"Unakuja lini?"

"Nikiwa tayari."

Kitasa naye alijikaza akaingia. Alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia Mzee Redio. "Dada, hawa watu watakuja. Wana haki yao ya karatasi."

"Waje."

"Dada, usije ukaumia bure."

Akamtazama juu ya miwani. "Nimeingia hapa na wewe mgongoni, nikiomba kazi. Nitatoka kwa miguu yangu, taratibu, kama mtu. Ni hilo tu nataka. Hilo nalo ni kubwa?"

"Siyo kubwa, dada."

"Haya. Kanunue mkate, ukome kunitazama hivyo."

Siku mbili hazikupita, Bwana Samahani akaja mapema, barabara bado ina unyevu wa kufagiliwa. Safari hii alikuwa na wanaume wawili, na mmoja alibeba mashine ya kukatia chuma. Mlango wa Bi Vifungo ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Samahani, fundi. Leo wakubwa wamesema lazima. Najua ni dada yako. Hatukutaka kukupa kazi hii. Hawa watakata."

Kitasa akaiangalia ile mashine. Aliwazia mlio wake, cheche, dada yake yuko ndani peke yake na moyo wake usio mzima, mlango wa mbao aliouegemea miaka yote ukipasuliwa mbele ya wapita njia.

"Wacheni," akasema. "Wekeni hiyo chini. Nitafungua mimi. Polepole."

Akapiga magoti mbele ya mlango. Kitasa kile alikiweka yeye mwenyewe alipohitimu ufundi, kazi yake ya kwanza kabisa, na dada yake alikuwa akiwaonyesha wateja. Alikijua kama ulimi wake. Akaingiza vyuma vyake viwili vyembamba, akabana pumzi, akasikiliza. Pini zikapanda moja moja, bila hata mlio. Alijivunia ule ukimya. Alidhani ni heshima anayompa. Kitasa kikaachia. Akausukuma mlango.

Dada yake alikuwa ameketi katikati ya duka, amewekewa mwanga na dirisha la juu. Amevaa nguo yake ya kutokea, ile ya harusi ya binti yake, ameweka mkoba mapajani. Rafu zilikuwa tupu. Mitungi yote ilikuwa kwenye maboksi, yamefungwa kamba, yamepangwa kando ya ukuta. Sakafu ilikuwa imepigwa deki.

Akamtazama mdogo wake aliyepiga magoti mlangoni na vyuma mkononi.

"Ni wewe," akasema.

"Dada..."

Akainuka. Alitaka kupita, na Kitasa alichelewa kuinuka, kwa hiyo ikambidi dada yake akunje nguo na kumpita pembeni kama mtu anavyopita kitu kilichoanguka njiani. Wale wanaume wakampisha. Bwana Samahani alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza neno lake halikutoka. Bi Vifungo akatembea kuelekea kona ya benki, mgongo umenyooka, mkoba kwapani. Kufika katikati ya barabara akasimama, akaegemea nguzo. Kitasa alimkimbilia. Bila kugeuka, dada yake aliinua mkono wa kumzuia, kiganja wazi, akaubakiza hapo mpaka Kitasa akasimama. Kisha akaendelea.

Kitasa alibadilisha kitasa. Hilo hakuwahi kumwelewesha mtu, hata mkewe. Alirudi, akapiga magoti, akamaliza kazi.

Baada ya hapo alikwenda kwa mpwa wake mara nyingi asizozihesabu. Mpwa wake alimpokea mlangoni, akamwamkia kama kawaida, "Shikamoo mjomba," na baada ya "marahaba" maneno yakaisha. "Mama amelala, mjomba." Siku nyingine mama anaoga. Siku nyingine mama ametoka, na kandambili zake ziko pale mlangoni. Mke wa Kitasa akienda, wifi yake anampokea vizuri, wanakunywa chai, wanacheka habari za wajukuu. "Ananiuliza kuhusu watoto wote," mkewe alimwambia. "Anauliza mpaka kuhusu mguu wangu."

"Na mimi?"

Mkewe akaanza kukunja nguo.

Mvua zilipokwisha, wafanyakazi wa kampuni walikuja kuvunja ngazi. Hoteli ilihitaji lifti, na lifti ilihitaji mahali pale pale. Bwana Samahani alikuja kumwambia mwenyewe, lazima tumpe haki yake. Alionekana kama mtu aliyekosa usingizi. Milango mipya yote ilikuwa ya kadi, unagusisha inalia pii, inafunguka. Kitasa hakubishana. Aling'oa ubao wake, akafungasha mashine kwenye gunia, akakodi mkokoteni. Majirani wa kumuaga hawakuwapo. Aliwafungia milango yeye mwenyewe.

Akajiwa na wazo ambalo aliliona aibu lakini akalifuata: sasa tumekuwa sawa, mimi na dada, labda atanifungulia. Akaenda moja kwa moja na vumbi lake la ngazi.

Safari hii mpwa wake alimtazama, akaondoka mlangoni bila kusema kitu, na aliporudi akasema, "Pita, mjomba."

Bi Vifungo alikuwa chumba cha nyuma, kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Alikuwa amekonda. Mikono yake, ambayo Kitasa hakuwahi kuiona imetulia, ilikuwa imelala mapajani. Maboksi yalikuwa chini ya kitanda, bado na kamba zake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Na mimi wamenitoa."

"Nimesikia. Pole."

Mtoto alipita koridoni akiburuta kitu. Kitasa akaanza kulia, mtu mzima na mvi zake, akaomba msamaha kwa maneno ambayo alikuwa ameyapanga vizuri na sasa yalimtoka hovyo: wale watu, ile mashine, niliogopa watakuumiza, nilisema afadhali mimi kuliko mwingine.

Dada yake alimwacha amalize.

"Nilikuwa nimeshajiandaa," akasema. "Uliona mwenyewe. Usiku kucha nilipanga. Nikaoga, nikavaa, nikaketi. Nilikuwa nasubiri mtu abishe hodi, basi. Yeyote. Hata yule kijana wa samahani. Angebisha hodi, ningesema karibu, ningefungua mlango wangu mwenyewe, nikatoka, nikamkabidhi ufunguo mkononi. Badala yake nikasikia kitu kinakwaruza. Nikadhani panya. Kumbe ni wewe, unanifungua kama kabati."

Kitasa akajifuta uso kwa shati lake lenye vumbi.

"Ungebisha, mdogo wangu. Nyumba umeijua tangu ukiwa unajikojolea."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe siku nyingi. Mimi na wewe tutagombania nini?" Akageukia dirisha. "Lakini nikikuona, nasikia ule mkwaruzo. Sifanyi makusudi. Unaingia hapo, nausikia. Kwa hiyo usije kwanza. Nikiwa tayari nitakuita."

"Lini, dada?"

"Nitakuita."

Mpwa wake alimtoa mpaka nje. Akamshika bega.

Sasa Kitasa anafanyia kazi karibu na stendi, chini ya mwavuli, kati ya muuza chaja za simu na mtu wa kusafisha viatu. Wateja wapo, watu hawaachi kupoteza funguo. Barabara Kuu haipiti, huzungukia nyuma hata mvua ikinyesha, ingawa wanasema usiku ina taa nzuri na wageni hupiga picha chini ya roshani. Mzee Redio walishamzika. Mke wa Kitasa anaendelea kwenda kwa wifi yake, anarudi na habari: anakula kidogo, hatoki chumbani, daktari amebadilisha dawa. Majuzi alirudi akasema wifi hakumtambua kwa kitambo, kisha akamtambua.

"Alinitaja?" Kitasa akauliza.

"Alikuwa amechoka, baba watoto."

Simu anaiweka mezani, karibu na mashine, sauti imefunguliwa mpaka mwisho ili mlio wa kuchonga usiimeze. Ikilia anaacha kila kitu. Jana ililia akiwa katikati ya ufunguo wa mtu, akauharibu kwa pupa ya kuipokea. Alikuwa mama mmoja, amejifungia nje, watoto wako ndani wanalia, anaomba fundi aje haraka. Kitasa akamwelekeza asubiri palepale, akavuta pumzi, akachukua mkoba wake wa vyombo, akamwomba muuza chaja amwangalizie meza.